Dilei ya gitaa la kanisani: analogi, dijitali, na kwa nini sebene ilivurugika

*"Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye timu ya kusifu na kuabudu kanisani kwetu, Morogoro. Gitaa langu ni la umeme la kawaida, nina pedali moja ya ovadraivu, na kutoka hapo naingia moja kwa moja kwenye mikisa kwa sababu hatuna ampu ya gitaa. Nimeweka akiba ya shilingi 350,000 ninunue dilei. Rafiki yangu aliniazima yake Jumapili mbili. Kwenye nyimbo za kuabudu ilipendeza mno, lakini tulipoingia sebene kila kitu kikavurugika, mpaka mpiga besi akanigeukia. Rafiki anasema shida ni kwamba yake ni ya dijitali, ninunue ya analogi ndiyo yenye sauti halisi. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia dilei na riveba ni kitu kimoja, nichukue yoyote. Nimechanganyikiwa. Ninunue ipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza ununue ipi, lakini ndani ya maelezo yako kuna swali kubwa zaidi ambalo hukuliuliza: kwa nini pedali ileile iliyopendeza kwenye kuabudu iliharibu sebene dakika chache baadaye? Tukilijibu hilo, suala la analogi na dijitali litapungua uzito lenyewe. Na nianze kwa kuitetea pedali ya rafiki yako. Haikukosea kwa kuwa ni ya dijitali. Ilikuwa bado inapiga mwendo wa wimbo uliokwisha.

Dilei inachukua sauti uliyopiga, inaishikilia kwa muda uliopanga, kisha inairudisha. Basi. Nobu iliyoandikwa TIME inapanga itashikilia kwa muda gani, na muda huo unahesabiwa kwa milisekunde, yaani elfu moja kwa sekunde moja. FEEDBACK, au REPEAT kwenye pedali nyingine, inapanga sauti irudi mara ngapi. LEVEL au MIX inapanga marudio yasikike kwa nguvu kiasi gani ukilinganisha na gitaa lenyewe. Pedali ya bei mbaya kuliko zote duniani nayo msingi wake ni huo.

Riveba ni jambo jingine, na muuzaji alikupotosha. Ukipiga kofi moja mbele ya ukuta mrefu ulio mbali, kofi linakurudia likiwa kamili, unaweza hata kulihesabu. Hiyo ni dilei. Ukipiga kofi hilohilo ndani ya kanisa tupu la sakafu ya saruji, sauti inagonga kuta, dari na sakafu, inarudi kwa njia maelfu zinazopandiana, na unachosikia ni mkia mmoja unaofifia. Hiyo ni riveba. Riveba haina mapigo, kwa hiyo haiwezi kugombana na mpiga dramu. Dilei ina mapigo, na ndiyo maana inagombana naye.

Sasa chukua kalamu. Ukitaka kujua pigo moja la wimbo lina milisekunde ngapi, gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Tuseme wimbo wenu wa kuabudu unakwenda mapigo 75 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 800, nusu pigo ni 400. Rafiki yako bila shaka alitafuta kwa sikio mpaka marudio yakakaa vizuri, na mahali panapokaa vizuri mara nyingi ni nusu pigo au robo tatu ya pigo. Tuchukulie aliiacha kwenye 400.

Halafu mkaingia sebene. Sebene yenu nadhani iko kwenye mapigo 140 hivi. Hapo pigo moja ni milisekunde 429, na solo yako inakwenda kwa robo za pigo, noti moja kila milisekunde 107. Lakini pedali bado inarudisha kila baada ya 400. Marudio ya kwanza yanatua milisekunde 29 kabla ya pigo. Ya pili, 57 kabla. Ya tatu, 86 kabla, karibu noti nzima ya solo yako. Kila marudio yanazidi kuliacha pigo, na wewe papo hapo unamwaga noti mpya juu yake. Zaidi ya hapo, sebene inazunguka kodi mbili tatu kwa haraka, kwa hiyo noti uliyopiga kwenye kodi ya kwanza inarudi watu wakiwa wameshahamia kodi nyingine. Mpiga besi alikugeukia kwa haki kabisa. Alikuwa anasikia gitaa mbili, moja iko naye na nyingine imepotea njia, zote zikitoka kwako.

Ungekuwa na pedali ya analogi siku ile, ikiwa imeachwa kwenye 400 hiyohiyo, mambo yangevurugika vilevile. Pengine ungeona mvurugiko umepungua kidogo kwa sababu marudio ya analogi ni mazito na hayana makali, lakini kosa la mwendo lingebaki palepale.

Kuna jambo jingine linalosahaulika sana, nalo ni jengo lenyewe. Sauti hewani inasafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma wa kanisa ukiwa mita 18 kutoka kwenye spika, sauti inakwenda na kurudi mita 36, na inakufikia baada ya milisekunde 106. Linganisha na 107 ya robo pigo kwenye sebene. Maana yake ukumbi wa namna hiyo, hasa wenye paa la mabati lisilo na dari, umeshakupa dilei ya bure kabla hujanunua chochote. Siku ya mazoezi, kabla watu hawajajaa, simama mahali unapopigia, piga kofi moja kali, usikilize. Kofi likikurudia waziwazi, ujue kwenye nyimbo za haraka utahitaji dilei ndogo sana au uizime kabisa. Jumapili watu wakijaa mwangwi utapungua, maana miili na nguo zinameza sauti.

Twende kwenye analogi na dijitali, kwa sababu maneno mengi yanasemwa hapo na machache ni ya kweli.

Mwanzoni dilei ilikuwa ni mkanda wa sumaku. Sauti inarekodiwa kwa kichwa kimoja, mkanda unasogea, kichwa kingine kinaisoma muda mfupi baadaye. Roland RE-201 ya mwaka 1974 inafanya kazi hivyo, na wapo wapigaji wanaozitunza mpaka leo kama vito. Mwaka 1969 wahandisi wa Philips walibuni chipu isiyohitaji mkanda, na humo ndimo zilimotoka pedali za analogi tunazozijua. Umewahi kuona watu wakimwaga zege la ghorofa bila mashine? Wanapanga mstari kwenye ngazi, karai linapita mkono hadi mkono mpaka juu. Chipu ile ni mstari wa namna hiyo. Kuna vyumba vidogo vya kuhifadhi umeme, 4,096 kwenye chipu moja maarufu iitwayo MN3005, na kila saa ya ndani inapogonga, kila chumba kinamkabidhi jirani yake alichonacho. Kila saa inapogonga mara moja sauti inasogea vyumba viwili, kwa hiyo ikigonga mara 10,000 kwa sekunde, sauti inatoka upande wa pili baada ya milisekunde 205 hivi.

Ukitaka muda mrefu zaidi kwa chipu hiyohiyo, lazima saa igonge polepole. Na saa ikigonga polepole, sauti nyembamba za juu haziwezi kubebwa sawasawa, zinageuka makelele, kwa hiyo mtengenezaji anaweka kichujio kinachozikata. Ule "utamu" na "ujoto" wa analogi unaosifiwa ndio huo: sauti za juu zimekatwa, na kila marudio yanazidi kuwa mazito kuliko yaliyotangulia. Ni uzuri wa kweli, naupenda, kwa sababu marudio yanakaa nyuma ya gitaa bila kulipiga vikumbo. Ila una mipaka. Boss DM-2 ya mwaka 1981 inaishia milisekunde 300. MXR Carbon Copy inafika 600. Robo tatu ya pigo kwenye wimbo wenu wa mapigo 75 ni 600 kamili, kwa hiyo wimbo ukipungua mwendo kidogo tu, hata Carbon Copy haifiki.

Dijitali inafanya vingine. Inaipima sauti mara maelfu kwa sekunde, inaandika vipimo kama namba kwenye kumbukumbu, kisha inavisoma baadaye. Kumbukumbu ni rahisi, kwa hiyo muda mrefu si tatizo. Boss DD-2, iliyotoka miaka ya 1980, ilishafika milisekunde 800, na DD-8 ya mwaka 2019 inafika sekunde 10. Marudio yanatoka yakiwa safi kama ulivyopiga. Usafi huo ndio unaowakera baadhi ya wapigaji, na nawaelewa, maana marudio safi yanagombania nafasi na noti mpya. Lakini pedali nyingi za dijitali za siku hizi zina hali inayoiga analogi na nyingine inayoiga mkanda, na kwenye bendi kamili, kupitia spika za kanisa, sijakutana na muumini anayeweza kutofautisha. Mimi mwenyewe nikiwa jukwaani siwezi.

Kuna udanganyifu mmoja nataka uujue kabla hujatoa hela. Pedali nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la analogi, ukizifungua ndani unakuta chipu ndogo iliyoandikwa PT2399, ya kampuni ya Princeton Technology ya Taiwan. Chipu hiyo ni ya dijitali, na ilikusudiwa kwa mwangwi wa mashine za karaoke. Sisemi ni mbaya. Nimetengeneza pedali nyingi zenye chipu hiyo na sauti yake nzito inapendeza. Shida ni mbili. Unaambiwa unanunua kitu kimoja kumbe ni kingine, na ukiivutia zaidi ya milisekunde 340 hivi inaanza kuchakaza sauti na kuvuma. Ukiona pedali ya bei ndogo imeandikwa analogi halafu inafika milisekunde 600, kuna uwezekano mkubwa ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kwa kazi yako, kipaumbele cha kwanza ni uwezo wa kukanyaga mapigo. Pedali inakuwa na kitufe, au namna ya kushikilia kitufe chake kikuu, ambapo unakanyaga mara tatu nne kwa mwendo wa dramu na yenyewe inahesabu muda. Wimbo wa kuabudu ukiisha, wakati mchungaji anasema maneno mawili kabla ya kusifu, wewe unakanyaga mwendo mpya. Kosa la siku ile linakwisha kabisa. Pedali nyingi za namna hii zinakuruhusu pia ukanyage pigo zima halafu yenyewe ikate robo tatu, ule mtindo uliojulikana sana kupitia The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, na ambao nyimbo za kuabudu za Kiingereza zimeukumbatia. Angalia vizuri herufi na namba unaponunua: Boss DD-3 ya zamani haina uwezo wa kukanyaga mapigo, DD-3T inao.

Kipaumbele cha pili ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Hili linanihangaisha kuliko dilei yenyewe. Spika ya ampu ya gitaa haipitishi sauti za juu sana, inazikata, na ndiyo maana ovadraivu, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, kwenye ampu inasikika tamu. Spika za kanisa zinapitisha kila kitu. Ovadraivu ikiingia huko bila kuchujwa inasikika kama nyuki ndani ya debe, na dilei itarudisha nyuki hao mara nne. Unaweza kununua dilei nzuri kuliko zote na bado ukarudi nyumbani huna raha.

Ndiyo sababu, kwa hali yako na kwa shilingi 350,000, ningekushauri utafute kifaa kidogo cha efekti nyingi kilichotumika, cha kundi la Boss GT-1 au Zoom G1 Four, ambacho ndani yake kuna dilei za aina kadhaa, kukanyaga mapigo, na kuiga ampu pamoja na kabati la spika. Najua si jibu ulilolitarajia. Wapigaji wengi wanavidharau vifaa hivi kwa sababu havina mng'ao wa pedali mojamoja, lakini kwa mtu asiye na ampu vinatatua matatizo mawili kwa hela moja. Pia unaweza kuhifadhi mpangilio mmoja wa kuabudu na mwingine wa sebene, ukabadilisha kwa kukanyaga mara moja. Kasoro yake ni kwamba lazima ukae navyo ujifunze. Wiki mbili za kwanza utachukia vitufe vyake.

Ikiwa kanisa lina mpango wa kununua ampu ya gitaa mwaka huu, basi jibu langu linabadilika: nunua dilei moja ya dijitali yenye kukanyaga mapigo, hata iliyotumika. Ya analogi halisi iache iwe pedali ya pili, siku utakapokuwa na wimbo unaoidai.

Umeme sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Pedali nyingi zinatumia volti 9 za umeme wa moja kwa moja, na hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za vinanda zinatoa volti 12, na chanya ndiyo iko katikati. Plagi inaweza kuingia vizuri tu. Kijana mmoja aliniletea dilei yake karakana ikiwa imekufa. Nilipoifungua, harufu ya kuungua ilitangulia, na pembeni ya tundu la umeme diodi ndogo ilikuwa imepasuka katikati, bodi chini yake nyeusi. Kumbe Jumapili asubuhi adapta yake ilisahaulika nyumbani, akachomeka ya kinanda. Alikuwa na bahati, ile diodi ilijitoa mhanga ikalinda vilivyobaki, na kuibadilisha hakukuchukua hata nusu saa. Si kila pedali ina ulinzi huo. Na kama ndugu atakuletea pedali kutoka Marekani, soma adapta kabla hujaichomeka: ikiwa imeandikwa 120V peke yake, ukutani kwetu kuna 230, itaungua mara moja. Inayofaa imeandikwa 100–240V. Angalia pia miliampia, yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Dilei ya dijitali inakula umeme mwingi kuliko ovadraivu, na ukizifunga zote kwenye adapta moja ya waya wa matawi, unaweza kusikia mluzi mwembamba usioisha. Dawa yake ni kila moja kuwa na adapta yake, au kifaa cha umeme chenye matundu yaliyotenganishwa.

Mpangilio ni gitaa, ovadraivu, dilei, kisha mikisa. Ukiweka dilei kabla ya ovadraivu, marudio na noti mpya vinakwaruzwa pamoja na vinatoka kama uji. Mwambie fundi mitambo azime riveba kwenye chaneli yako kwanza, maana mara nyingi ameshaiweka bila wewe kujua. Kwa kuabudu anza na marudio matatu, LEVEL chini ya nusu. Kwa sebene, kama kofi lako halikurudi ukumbini, jaribu milisekunde 107 au karibu na hapo, rudio moja tu, kwa sauti ya chini: kila rudio litatua juu ya noti inayofuata na solo itanenepa bila mtu kujua kwa nini. Kama kofi lilirudi, zima.

Kuna hali moja ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukigusa nyuzi za gitaa na mdomo wako ukagusa maiki, ukahisi umeme unachonyota hata kidogo, acha kupiga, chomoa, na msiendelee na ibada kwa vyombo hivyo mpaka fundi umeme aje kuangalia waya wa ardhi wa jengo. Usikubali mtu akate pini ya ardhi ya plagi ili "kuondoa mvumo". Umeme huo unaua. Mvumo wa kawaida usiochonyota, uliobaki hata baada ya kubadilisha waya na adapta, mpelekee fundi wa vyombo pamoja na gitaa lako, si pedali peke yake, kwa sababu mara nyingi chanzo kiko kwenye jeki ya gitaa.

Ukienda Kariakoo, nenda na gitaa lako na waya wako. Omba kujaribu. Punguza sauti ya gitaa mpaka sifuri, vuta TIME mpaka mwisho, na usikilize kama pedali inavuma yenyewe. Kanyaga kitufe mara ishirini, sikiliza kama kuna mara inakosa. Tikisa plagi kwenye jeki zote mbili taratibu. Kisha kanyaga mwendo wa wimbo wenu mmoja wa kuabudu, piga mstari wake, halafu bila kupumzika kanyaga mwendo wa sebene uone inachukua sekunde ngapi kukufuata. Muuzaji akikukatalia kujaribu, mshukuru uende duka la pili. Na kifaa kilichotumika kisicho na adapta yake, toa bei ya adapta kwenye hesabu kabla hujakubaliana.